Kidonda cha Kiwele Hutembea kwa Mkono

 Leo tuzungumze habari ya kiwele cha mbuzi wa maziwa, na hasa vile vidonda vinavyotokea juu ya ngozi yake. Najua wapo watakaosema, "Kidonda tu hicho, paka dawa yaishe." Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Kwa hiyo niruhusu nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilikuwa na mbuzi watatu wa kukamua. Asubuhi moja nikaona vipele kwenye kiwele cha yule mweupe, pale chuchu inapoanzia. Vilikuwa vidogo kama punje za mtama, kila kimoja na usaha kichwani. Nikavipuuza. Siku ya nne vikapasuka, vikaacha vidonda vyenye majimaji. Jirani yangu mmoja, dereva wa lori, akanishauri nipake oili chafu, ile inayomwagwa gari linapobadilishwa oili. Nikapaka. Mbuzi akarusha teke, ndoo ikaenda upande wake na maziwa upande wake. Wiki ya pili ngozi ya chuchu imebabuka, maziwa yananuka gereji, na wale mbuzi wawili wengine, ambao sikuwapaka kitu, nao wameota vipele vile vile.

Hapo ndipo nikamwita ofisa mifugo wa kata. Akaja binti mmoja, rika la mwanangu wa mwisho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu. Wagonjwa wenyewe wale kule bandani."

Hakwenda bandani. Akasimama palepale uani, akasema, "Mzee, samahani, naomba kwanza nione mikono yako."

Nikamwonyesha. Kucha ndefu, na kwenye kidole gumba ufa wa jembe ambao haujapona. Akauliza kitambaa ninachofutia kiwele. Nikamletea kipande cha taulo, kimoja tu, kilichokuwa kikining'inia msumarini tangu sijui lini. Akauliza tena, "Asubuhi unaanza kumkamua nani?" Nikamjibu, "Huyu mweupe, kwa sababu ndiye mkorofi. Napenda nimmalize mapema."

Binti akacheka kwa adabu. "Basi mzee, huu ugonjwa umeusambaza mwenyewe. Kila siku mara mbili, asubuhi na jioni."

Msikilizaji, ningetaka uondoke na neno hilo moja hata kama mengine yote utayasahau. Kidonda cha kiwele hakina miguu. Hutembea kwa mkono wa mkamuaji, kwa kitambaa chake, na kwa kopo lake la mafuta. Mbuzi wetu wa kienyeji hakuyajua sana mambo haya, maana kiwele chake mara nyingi huguswa na mwanawe tu. Lakini mbuzi wa maziwa, kama wale wa Norwe waliofikishwa Mgeta, milima ya Uluguru, miaka ya 1980, au Toggenburg wa Meru na Alpine wa Kijerumani wa Nyeri kule Kenya, hushikwa na binadamu asubuhi na jioni. Akikamuliwa miezi 8, huo ni mkono wako juu ya kiwele chake karibu mara 500. Mkono huo ukiwa mchafu, ni mara 500 za kupanda ugonjwa. Ukiwa safi, ni mara 500 za kuuona mapema.

Sasa, kabla ya kukimbilia duka la dawa za mifugo, jifunze kukisoma kidonda, kwa sababu vidonda vya kiwele havitoki nyumba moja.

Kuna hivi vyangu, vipele vya usaha. Hivi huletwa na bakteria wanaoishi kwenye ngozi, ya mbuzi na hata ya mtu. Wakipata mkwaruzo, jasho na uchafu, huingia chini ya ngozi. Huanza kwenye shina la chuchu au katikati ya kiwele, kisha hufuata njia ya vidole vyako. Mbuzi kwa kawaida anakula vizuri na hana homa. Ndiyo maana tunadharau.

Kuna vigaga vinene, vikavu, vilivyovimba kama koliflawa, kwenye chuchu za mama. Ukiviona hivyo, usimalizie kwa mama. Mfungue mtoto midomo. Ukikuta vigaga kama hivyo pembeni mwa midomo au kwenye ufizi, ujue mtoto ndiye aliyemwambukiza mama alipokuwa akinyonya. Wataalamu huuita orfu. Ni ugonjwa wa virusi, na antibayotiki haiuui. Husaidia tu pale usaha unapoingia juu yake. Mara nyingi hupona wenyewe kwa wiki 3 hadi 6. Kosa kubwa la wafugaji ni kuvibandua vigaga ili dawa "ifike ndani". Ukibandua, unamtonesha mnyama damu, na kile kigaga kikidondoka sakafuni kinabaki na virusi hai kwa miezi mingi pakiwa pakavu. Kosa la pili ni huruma isiyo na hesabu. Mama anakataa kunyonyesha kwa maumivu, basi mtu anamchukua mtoto mwenye midomo mibovu na kumpachika kwa mbuzi mwingine aliye mzima. Umempa mtoto maziwa, umempa mama mpya ugonjwa. Mtoto huyo mkamulie, mnyweshe kwa chupa, na chupa hiyo usiishirikishe na wengine.

Kuna kidonda cha jua. Mbuzi mweupe kama Saanen ana ngozi ya waridi kwenye kiwele, na kiwele kikubwa huchungulia nje ya kivuli cha mwili wake. Akishinda malishoni saa za mchana, ngozi huwa nyekundu, hukauka, huambuka, kisha hupasuka. Huyu dawa yake ya kwanza ni kivuli.

Kuna kidonda cha kupe. Yupo yule kupe mkubwa, dume lake lina mgongo wa rangi rangi kama shanga, na mdomo wake ni mrefu. Anapenda ngozi laini ya kiwele na kwapa. Akichomolewa kwa hasira, mdomo hukatikia ndani, na pale pakawa jipu. Tunza kidonda, lakini pia fuata ratiba ya kuogesha. Na kabla ya kununua dawa ya kuogeshea, soma kama inaruhusiwa kwa mnyama anayekamuliwa, na maziwa yasinywewe kwa siku ngapi.

Kuna mikwaruzo ya kawaida: meno ya watoto wakubwa wanaonyonya kwa fujo, miiba, na misumari ya banda. Wengi wetu tunafuga kwenye banda la mwinuko lenye sakafu ya fito. Msumari ukichomoza, mbuzi akilala, kiwele ndicho kinachoupokea. Kama mbuzi anapata jeraha pale pale kila wiki, usimtafutie dawa. Chukua nyundo.

Na kuna kidonda ambacho hutakiwi kukitibu peke yako hata kidogo. Mbuzi ana homa, hali chakula, na uvimbe mgumu wa mviringo umetokea usoni, masikioni, chini ya mkia na kwenye kiwele. Hiyo inaweza kuwa ndui ya mbuzi. Usimhamishe, usimuuze, usimpeleke mnadani. Mwite ofisa mifugo siku hiyo hiyo, maana ugonjwa ule huweza kumaliza mbuzi wa kijiji.

Umeshakisoma kidonda. Tuje kwenye kutibu, na nitakueleza jinsi yule binti alivyonifundisha, hatua kwa hatua.

Kwanza alinigeuzia foleni. Mbuzi mzima kabisa hukamuliwa mwanzo, mwenye mchubuko mdogo hufuata, mwenye vidonda humaliza. Hili halina gharama hata senti, na ndilo lililozuia ugonjwa kwangu kuliko dawa yoyote.

Pili, alinifanya nichemshe maji, nikayaacha yapoe mpaka uvuguvugu wa kuogesha mtoto mchanga. Kijiko 1 cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji hayo. Ukiosha kwa maji hayo, kidonda hulainika na uchafu hutoka bila kusugua. Osha palipo na kidonda na chuchu, usimwagie kiwele kizima. Maji yakitiririka kutoka juu huteremka na uchafu wote hadi kwenye tundu la chuchu, na hapo umeukaribisha ugonjwa wa kiwele ndani.

Tatu, kukausha. Watu wengi huosha vizuri wakasahau hapa. Ngozi iliyoachwa na unyevu hupasuka, hasa penye upepo wa baridi kama kule milimani. Na kitambaa kiwe cha mbuzi mmoja, mara moja. Usiniambie huna vitambaa. Kanga kuukuu moja hukatwa ikatoa vipande vingi. Vikishatumika, vifue kwa sabuni, vichemshe, vianike juani.

Nne, dawa yenyewe. Ile dawa ya iodini ya vidonda, ya kahawia, inayouzwa maduka mengi ya dawa, haipakwi kavu kavu kwenye ngozi iliyochubuka. Ile ya asilimia 10 ichanganye sehemu 1 kwa sehemu 10 za maji safi, ipate rangi ya chai ya rangi nyepesi. Paka baada ya kukamua, kamwe si kabla, ili isiingie kwenye maziwa. Vipele vya usaha usivitumbue kwa kucha. Vile vilivyopasuka vyenyewe visafishe, vipake, asubuhi na jioni. Vya kwangu vilianza kunyauka ndani ya wiki moja.

Tano, mafuta ya kukamulia, ya kulainisha ngozi iliyokauka. Hayo ni mazuri, lakini tazama tunavyoyatumia. Kidole kinachovya kopo, kinapaka chuchu yenye kidonda, kinarudi koponi, kinakwenda kwa mbuzi wa pili. Kopo limekuwa kisima cha ugonjwa. Chota kiasi kwa kijiti au kijiko safi, weka mgongoni mwa mkono wako, chovya kutoka hapo. Na wale wanaolainisha vidole kwa kuchovya kwenye maziwa ya ndooni, naomba tuache. Tunawalisha vijidudu chakula wanachokipenda.

Sita, namna ya kukamua. Chuchu yenye kidonda haivutwi. Wako wanaokamua kwa kuburuza vidole viwili kutoka juu hadi chini, na kila mburuzo hufungua kidonda upya. Kamata chuchu, ziba juu kwa gumba na kidole cha shahada, kisha finya vidole vingine kwa zamu kushuka chini. Ngozi haiburuzwi, maziwa yanatoka. Kata kucha. Na usiseme kwa sababu anaumia, acha asikamuliwe leo. Maziwa yakijaa, maumivu yanazidi na ugonjwa wa kiwele hauko mbali. Ukimaliza, mpe majani mabichi ale akiwa amesimama kwa nusu saa hivi, kwa maana tundu la chuchu huchelewa kujifunga, na akilala mara moja chuchu iliyo wazi inagusa mavi.

Hayo ndiyo matibabu, msikilizaji. Umeona kwamba chupa ya dawa imekuja ya nne.

Sasa niseme juu ya yale tusiyotakiwa kupaka. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, lakini sidhani walikuwa wanazungumza habari ya chuchu ya mbuzi. Oili chafu ina mabaki ya madini na sumu za injini. Inaunguza ngozi, na mtoto akinyonya anaimeza. Mafuta ya taa ni hivyo hivyo. Mrututu una kazi yake kwenye kwato, lakini juu ya nyama mbichi ya kiwele unachoma. Asali safi inasaidia kidonda, hilo ni kweli, ila bandani huita sisimizi na inzi, na kidonda kikishatembelewa na inzi, siku chache utakuta funza. Mwarobaini na shubiri ni vichungu. Ukipaka kwenye chuchu, usishangae mtoto akigoma kunyonya.

Kisha ile dawa ya bluu ya kupuliza. Watu wanaipenda kwa sababu inaonekana. Jirani akipita anajua mbuzi ametibiwa. Mara nyingi ndani yake mna antibayotiki, na antibayotiki kwenye kiwele huweza kuingia kwenye maziwa. Soma kibandiko siku za kusubiri kabla maziwa hayajanywewa wala kuuzwa. Kama kibandiko kimefutika, muulize mtaalamu, usikisie. Na sindano ya antibayotiki ni kazi ya mtaalamu baada ya kumwona mnyama. Ukichoma nusu dozi leo na nusu wiki ijayo, unawafundisha bakteria kuizoea.

Na maziwa je, yanywewe? Maziwa ya mbuzi mwenye vidonda vya usaha kwenye chuchu yamwage. Najua inauma, hasa nyumba ambayo kikombe hicho ndicho uji wa mtoto. Utaniambia, "Lakini mimi huchemsha." Vizuri sana, endelea kuchemsha siku zote. Ila hao bakteria wa usaha, wakizaliana ndani ya maziwa, hutoa sumu inayostahimili moto. Unawaua wao, sumu yao inabaki, na familia inatapika usiku. Kabla ya kukamua, toa michirizi miwili mitatu ya kwanza juu ya kitambaa cheusi. Ukiona mabonge, maji maji au damu, kidonda kimeshatoka kwenye ngozi na kuingia ndani.

Hapo ndipo pa kuogopa. Mbuzi ana nusu mbili tu za kiwele, kila moja na chuchu yake. Ng'ombe akipoteza robo, zimebaki tatu. Mbuzi akipoteza nusu, umepoteza nusu ya mali. Ukigusa kiwele ukakuta kina joto na kigumu, mwite mtaalamu leo. Ukikuta upande mmoja ni wa baridi, umegeuka rangi kuwa samawati au mweusi, na mbuzi hataki kula, usimalize hata kusikiliza kipindi hiki. Piga simu. Hiyo nyama inakufa, na mbuzi anaweza kuifuata ndani ya siku moja au mbili.

Neno la mwisho ni juu yako wewe mkamuaji. Ule ugonjwa wa vigaga, orfu, humwambukiza mtu kupitia mchubuko. Hutokea kidole kimevimba, kina kidonda cha mviringo kinachochukua wiki kadhaa kupona. Vaa glavu kama unazo. Kama huna, funika mchubuko wako, nawa kwa sabuni kabla na baada, na watoto wasichezee midomo ya vitoto vya mbuzi vyenye vigaga. Ukienda zahanati na kidole hicho, mwambie tabibu kwamba unafuga mbuzi. Wengi hunyamaza kwa kuona haya, na mficha maradhi kifo humuumbua. Tabibu asipojua habari za mbuzi, atatafuta ugonjwa mahali usipokuwa.

Kwangu mimi, yule mweupe alipona. Chuchu moja ilibaki na kovu la ile oili, na mpaka leo kila nikikamua upande ule huenda polepole, yeye ananitazama, mimi natazama pembeni.

Basi, msikilizaji, leo jioni katakata ile kanga kuukuu, chemsha vipande vyako, vianike. Panga foleni ya mbuzi wako, wazima mbele, wagonjwa nyuma. Na kesho alfajiri, kabla hujaingia bandani kutafuta mgonjwa, simama uani penye mwanga, kunjua viganja, uanze kwa kuitazama mikono yako.